Mtu wa Getini

Projekta yenyewe ilikuwa ndogo kama mkate wa boflo, nyeupe, na bei yake ilitia shaka kwa udogo. Mwalimu wa shule ya msingi angeweza kuinunua bila kuuza mbuzi. Ndiyo maana Ofisi ya Vipimo vya Nyumbani, tawi la Korogwe, ilimkabidhi Tunu Hiza. Kitu rahisi huingia nyumba nyingi, na kinachoingia nyumba nyingi sharti kikaguliwe na mtu mgumu. Tunu alikuwa mgumu kweli. Alikwisha kulikataa jiko lililodanganya kuhusu gesi iliyobaki, na mwaka uliopita alikikataa kitanda kilichowanong'oneza watu matangazo ya sabuni wakiwa usingizini.

Utaratibu wa ofisi haukuwa na mzaha. Siku saba, katika nyumba yenye watu, saa za mchana, madirisha kama yalivyo. Mpimaji hukaa nyuma ya mashine. Hakai na watazamaji wala hatazami picha. Anaitazama mashine, na anawatazama watu.

Nyumba iliyopangiwa kazi hiyo ilipatwa na msiba, na Mbelwa, mkuu wake wa kazi, akamwambia aipeleke popote penye sebule. Kwa hiyo Tunu aliipakia kwenye begi akaenda nayo Manundu, kwa Shangazi Mkunde, aliyemlea tangu akiwa mchanga wa miezi minne.

Shangazi alitandika shuka jeupe ukutani, akafungia vitenge viwili madirishani kinyume cha utaratibu, akaambiwa avitoe, akavitoa akinung'unika. Majirani waliingia na mihogo yao ya kukaanga. Saa tisa alasiri Tunu aliiweka projekta juu ya stuli, akajibanza nyuma yake na daftari.

"We Tunu," Shangazi alisema, "unajificha nyuma ya kochi kama mwizi wa kuku? Njoo mkekani."

"Kazi hairuhusu, Shangazi."

"Kazi hairuhusu! Hiyo kazi ndiyo iliyokunywesha uji? Nyumba hii haina mtu wa kukaa nyuma. Mama Rehani, hebu msogelee mwenzio huko apate nafasi."

Mama Rehani akasogea. Sasa wewe niambie, kuna mtoto aliyelelewa Manundu anayeweza kuitiwa mkeka na shangazi yake mbele ya majirani kumi na mmoja, kisha akatae kwa sababu ya karatasi ya ofisi? Tunu alikwenda akakaa karibu na mlango, sahani ya mihogo magotini, akijiambia kwamba kutoka pale pia anaiona mashine vizuri. Hakuliandika hilo kwenye daftari.

Jina la mashine lilikuwa Nuru Ndogo, na kwa hilo haikusema uongo. Taa yake haikuzidi tochi ya mlinzi. Ujanja wake ulitokana na jambo ambalo watu hawalijui kuhusu macho yao wenyewe: jicho huona vizuri mahali padogo tu, kiasi cha ukucha wa kidole gumba ukinyoosha mkono. Kwingine kote ni ukungu, na akili ndiyo inayotudanganya kwamba tunaona. Nuru Ndogo ilikuwa na kihisi mbele, kidoa cheusi mfano wa mbegu ya papai, kilichofuata macho ya mtazamaji. Pale alipotazama, ilimwaga mwanga wote na ukali wote wa picha. Kwingine kulibaki giza, na hakuna aliyegundua. Taa moja dhaifu ikafanya kazi ya taa kumi.

Mtu akitazama peke yake, ilikuwa maajabu. Wakiwa kumi na watatu, mashine ilipaswa kuchagua ifuate macho ya nani, nayo ilimchagua mwenye hamu kuliko wote. Ilipima mboni. Mboni ya mtu mwenye hamu hupanuka, na hilo hata yeye mwenyewe hawezi kulizuia. Siku ya kwanza waliweka mpira, na mwanga ukamfuata Mama Rehani, ambaye muda wote alimtazama golikipa. Wengine wakapiga kelele kwamba mpira hauonekani. Mama Rehani akasema yeye hana habari, labda mashine ni mbovu.

Tunu aliandika: *Haifai kwa sebule iliyojaa. Kwa mtu mmoja au wawili, nzuri sana.* Kama mambo yangeishia hapo, ingekuwa wiki ya kawaida.

Siku ya tatu Shangazi alitoa simu ya zamani kutoka kwenye kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na video ya harusi yake, dakika arobaini na moja, iliyopigwa miaka thelathini na minne iliyopita na binamu mmoja mwenye simu yenye ufa kwenye lenzi. Mbele, alipokaa bibi harusi, picha ilikuwa safi. Nyuma kulikuwa uji mtupu: miti, mabati, watu kama madoa.

"Wekeni hiyo," Shangazi alisema. "Mchezaji mpira sina undugu naye."

Harusi hiyo ilikuwa na kisa, na Manundu nzima ilikijua. Hiza, kaka mkubwa wa Shangazi, alikuwa amemwahidi dada yake kwa rafiki yake mwenye maduka. Shangazi akamtaka Athumani, fundi baiskeli. Hiza akaapa mbele ya watu kwamba hatakanyaga kwenye harusi ile. Miezi miwili baadaye akagongwa na lori akitoka shamba, wala hawakuwa wamesemeshana tena. Aliacha mke na mtoto mchanga. Mke akaolewa Handeni. Mtoto akabaki kwa shangazi yake, na huyo mtoto ndiye Tunu.

Ila Shangazi alikuwa na maelezo yake, na Tunu alikua nayo kama wengine wanavyokua na nyimbo za kubembelezewa. Baba yako alikuja. Aliapa, lakini damu ni nzito kuliko maji. Wakati wa kutuza alikuja akasimama getini, na shati lake la mistari, akaona dada yake ameolewa, akaondoka. Majirani walisikiliza wakikubali kwa vichwa, kwa adabu. Hakuna aliyemwona mtu huyo.

Basi video ikawekwa. Wanawake wakaanza kucheza kwenda mbele kumtuza bibi harusi. Na kule nyuma, kwenye uji ule wa mabati, mwanga wa Nuru Ndogo ukahamia taratibu, ukakusanyika, geti likapata bawaba, na kando ya geti akatokea mwanamume mwenye shati la mistari.

Mama Rehani ndiye aliyepiga yowe. "Mkunde! Si huyo? Si Hiza huyo?"

Mhogo ulikuwa mdomoni mwa Tunu na hakuutafuna. Hakuwahi kumwona baba yake isipokuwa kwenye picha moja ya studio iliyotundikwa palepale sebuleni, juu ya rafu. Sasa baba huyo alikuwa akihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, kama mtu yeyote aliyechoka kusimama.

"Alikuja," Mama Rehani alisema, machozi yakimtoka. "Na sisi tukakuona mwongo miaka yote. Tusamehe, dada."

Shangazi alimtazama Tunu, kisha akasema polepole, "Haya, kuleni mihogo, inapoa."

*

Siku ya nne mtu wa getini aliinua mkono. Siku ya tano alitabasamu. Siku ya sita alisukuma geti, akaingia hatua mbili. Tunu alikuwa anafika Manundu saa nane badala ya saa tisa, na daftari halikuwa na mstari mpya hata mmoja.

Alijua. Tusimdhanie ujinga. Kijitabu cha mashine kilieleza, kwa herufi ndogo, kwamba pale video isipokuwa na undani wa kutosha, mashine *hubashiri*. Hukisia kinachokosekana kwa kutumia video yenyewe na vitu ilivyoviona chumbani, kisha huangalia mboni. Zikipanuka, hukumbuka, na kesho hujenga juu ya hapo. Kujua ni jambo moja. Kuna mambo mtu huyajua kichwani huku miguu inampeleka kwingine.

Jioni ya siku ya sita, majirani walipokwisha kutawanyika, alisimama mbele ya picha ya studio. Fundi aliyeiweka kwenye fremu aliikata vibaya, ukingo ukalimeza sikio la kushoto. Tunu akakumbuka siku nne za mtu wa getini: jinsi alivyosimama, alivyoinua mkono, alivyoingia. Muda wote alikuwa amegeuza upande mmoja. Sikio la kushoto hakulionyesha hata mara moja, kwa sababu mashine haikuwa na mahali pa kulitoa.

Alikaa chini. Aliumia, na aliumia mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili yake, na ya pili, kubwa zaidi, kwa ajili ya Shangazi, ambaye sasa majirani walikuwa wakimwomba radhi mlangoni, na Mama Rehani alikwisha kumletea kanga.

Simu ikaita. Ilikuwa Mbelwa.

"Ripoti kesho jioni, dada Tunu. Watengenezaji wananisumbua. Wana mashine elfu sita zinasubiri muhuri."

"Mbelwa, hii mashine inabashiri."

"Zote siku hizi zinabashiri kidogo."

"Hii imemleta mtu aliyekufa."

Mbelwa alikuwa mtu mzuri, ila alipenda mambo yaishe. "Waliotazama wanalalamika?"

"Wanalia kwa furaha."

"Basi mtihani wako ni mgumu," alisema. "Na unajua ripoti hubandikwa ubaoni, na mtaa na nyumba hutajwa. Siwezi kukuficha hilo. Vuta kumbukumbu za macho uone ni mtazamaji gani aliyeisukuma. Sheria inataka atajwe kwa nafasi aliyokaa."

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Akiikataa mashine, atalazimika kuandika sababu, na sababu ni kwamba mtu wa getini hakuwapo. Mtaa mzima utasoma kwamba Mkunde alikuwa mwongo tangu mwanzo, na mashine ikamsaidia. Akiipitisha, Shangazi atabaki na kaka yake. Lakini nyumba elfu sita zitaletewa marehemu wao wakitabasamu, wenye ugomvi watapata ushahidi wa kile wanachokitaka, na baada ya miaka kumi hakuna atakayejua nani alikuja kwenye harusi ya nani.

Aliunganisha waya kwenye mashine akafungua kumbukumbu za macho. Moyoni alikwisha kujiandaa kuona nafasi ya Shangazi, kochi la katikati. Alijiandaa hata namna ya kumwambia, kwa upole, polepole, kwamba macho yake ya mapenzi ndiyo yaliyomwita kaka.

Nafasi ya kochi la katikati ilikuwa na mboni tulivu, siku zote nne. Macho yake hayakwenda getini. Yalikwenda kando, nje ya shuka. Aliyemwita mtu wa getini, dakika kwa dakika, siku baada ya siku, mboni zikiwa wazi kama za mtu aliye gizani, alikuwa mtazamaji wa nafasi ya tano. Mkekani. Karibu na mlango.

Tunu alisoma mstari ule mara tatu, kana kwamba nambari zingemwonea huruma.

*

Siku ya saba aliwaambia majirani hakuna onyesho. Alimkuta Shangazi ukumbini akimenya machungwa, ganda likining'inia refu bila kukatika.

"Shangazi, nina jambo."

"Likalie kwanza. Jambo la kusimama huwa baya."

Tunu akakaa. "Yule mtu wa getini si baba. Mashine imemtengeneza. Uso imeuchukua kwenye picha ya ukutani."

"Najua," Shangazi alisema, akampa nusu chungwa.

"Unajua?"

"Mwanangu, bibi harusi nilikuwa mimi. Aliyekuja namjua na asiyekuja namjua. Hiza hakuja."

Tunu alilishika chungwa bila kulila. Nje jogoo wa jirani aliwika saa isiyo yake.

"Lakini miaka yote hii ulisema..."

"Ulikuwa na miaka sita," Shangazi alisema. "Ulirudi kutoka chuo cha Kurani unalia hadi kamasi. Watoto wamekwambia baba yako alinisusa, na wewe, mtoto wa aliyesusa, unakula kwangu bure. Ukauliza kama ni kweli. Ulitaka nikujibu nini, na ugali uko mezani na umegoma kuugusa? Nikasema alikuja, akasimama getini. Ukala. Kesho yake ukauliza alivaa nini. Nikageuka nikatazama picha ukutani, nikasema shati la mistari." Akatikisa kichwa, akacheka kidogo. "Kumbe mimi na hiyo mashine yenu fundi wetu mmoja. Ukiikataa, nami nijazie fomu yangu."

"Nilidhani wewe ndiye uliyekuwa ukimwita," Tunu alisema. "Nimetazama kumbukumbu. Ni mimi, Shangazi. Ni macho yangu."

"Nilikuona."

"Mbona hukusema?"

"Nikisemaje? Miaka thelathini na minne nimekulea, sijawahi kukuona umekaa mdomo wazi namna ile. Nikasema acha mtoto amtazame baba yake. Mama Rehani na kanga yake nitamalizana naye mwenyewe."

Tunu akaegemea bega la Shangazi, kana kwamba hakuwa mtu mzima mwenye muhuri wa serikali kwenye begi. Alimpenda mwanamke huyu kiasi cha kuumwa, na alimwambia hivyo, waziwazi. Shangazi akamjibu kwamba chungwa linamchuruzikia kwenye gauni.

Baada ya kunawa walikaa pamoja, na Tunu akaandika ripoti akiisoma kwa sauti. Taa imepita. Kufuata macho kumepita, kwa watu wasiozidi wawili. Kubashiri kumekataliwa, mashine isiuzwe mpaka kuondolewe kabisa. Mtazamaji aliyesukuma: nafasi ya tano, mpimaji mwenyewe, aliyevunja utaratibu kwa kukaa mkekani.

"Watakufukuza?" Shangazi aliuliza.

"Watanikaripia. Mbelwa ataleta barua ndefu, kisha ataomba radhi kwa kuileta."

"Andika kwamba nilikulazimisha."

"Sitaandika hivyo."

"Mbishi kama baba yako," Shangazi alisema, na kwa mara ya kwanza alilisema neno hilo kama habari ya kweli, bila sukari. "Alikuwa mbishi, Tunu. Nilimpenda, alikuwa mbishi, akafa tumenuniana. Hivyo ndivyo ilivyokuwa."

Ilibaki kazi moja. Mashine hurudishwa tupu. Tunu alifungua ukurasa wa kufuta, na pale palikuwa na siku nne za mwanamume mmoja aliyehamisha mguu, akainua mkono, akatabasamu, akaingia hatua mbili. Kidole kilikataa. Angeweza kunakili; hakuna ambaye angejua. Alikaa vile mpaka Shangazi akaja akauweka mkono wake juu ya mkono wa Tunu, bila kuusukuma, na wakangoja pamoja. Kisha Tunu akabonyeza.

"Sasa iweke harusi yangu," Shangazi alisema. "Kama ilivyo."

"Nikitazama nitamwita tena."

"Basi fumba macho. Nitakusimulia, na safari hii sitaongeza kitu."

Tunu akafumba macho. Alisikia ngoma, vigelegele, sauti ya binamu akikohoa nyuma ya simu.

"Naona geti," Shangazi alisema. "Mabati. Kuna kitu kama ndoo, au kuku, sijui. Hakuna mtu."

"Kabisa?"

"Hakuna, mwanangu. Geti lipo wazi tu."

"Na wewe uko wapi?"

"Mimi si nipo pale kwenye kiti. Usinitazame, walinipaka poda kama andazi la unga."

Mara ngapi Tunu alikuwa ameitazama video hii, utotoni kwenye simu ya ufa na wiki hii ukutani, na kila mara macho yake yalimruka bibi harusi kama mtu anayeruka dimbwi ili afike getini. Akafumbua macho na kumtazama yeye.

Mwanga ukahama. Geti likazama gizani, wachezaji wakawa vivuli, na taa yote ile ndogo ikakusanyika kwa msichana mmoja kwenye kiti. Hapa mashine haikuwa na cha kubashiri, kwa kuwa simu ilikuwa mbele yake na kila kitu kilikuwamo: poda, hina, jasho juu ya mdomo. Wanawake walikuwa wakimbandika noti kichwani na hakuwaangalia. Athumani alimwinamia akamwambia neno, akaitikia bila kugeuka. Shingo yake ilikuwa imepinda upande mmoja, na macho yake yalikuwa yametulia mahali pamoja, kule nyuma gizani lilikokuwa geti. Noti zilianguka, zikaokotwa, zikabandikwa tena. Yeye alikuwa anatazama tu.

"Ulikuwa unamngoja," Tunu alisema.

"Nilimngoja mpaka wakaanza kukusanya viti."

Tunu akamshika mkono, na hakuyaondoa macho yake kwa bibi harusi mpaka video ilipokwisha.